Rekodi za Rufiji: Mzingiro Mrefu, Meli Bapa na Mabega ya Wapagazi

Pwani yetu inashikilia rekodi mbili za vita zilizopishana kwa miaka 18 tu. Ya kwanza inafahamika hadi kwa watoto wa shule: tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilishambulia kasri la Sultani pale Unguja, na kabla dakika 45 hazijatimia bendera ya Khalid bin Barghash ikawa imeshuka. Katika historia iliyoandikwa hakuna vita vifupi kuliko hivyo. Ya pili haisimuliwi sana. Imezikwa katika matope ya delta ya Rufiji, upande ambao leo ni wilaya ya Kibiti. Humo manowari moja ya Kijerumani, SMS Königsberg, ilizingirwa kuanzia 30 Oktoba 1914 hadi 11 Julai 1915. Ni siku 255. Ni vigumu kuipata meli nyingine iliyofungiwa mtoni peke yake muda wote huo na kundi zima la meli za adui.

Vitabu vingi hukipima kisa hiki kwa chuma: unene wa deraya, masafa ya mzinga, kasi ya injini. Vipimo hivyo ni vya kweli na nitavitumia. Lakini kadiri mtu anavyozifuatilia rekodi za Rufiji moja baada ya nyingine, ndivyo anavyogundua kwamba chuma kilipokwama, na kilikwama kila mara, kazi iliwaangukia watu ambao majina yao hayakuandikwa. Rekodi yao ndiyo nzito kuliko zote, na nitaifikia.

Mzingiro mrefu kuliko yote

Königsberg ilianza kuundwa Kiel mwezi Januari 1905, ikashushwa majini Desemba mwaka huohuo. Katikati ya miezi hiyo, Agosti 1905, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale pale Mohoro, karibu kabisa na delta hii, Vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vinawaka. Kwa hiyo meli ilipokuja kujificha Rufiji, wenyeji walikuwa na majeraha ya miaka tisa tu.

Ilikuwa na urefu wa mita 115, mabaharia zaidi ya 300 na mizinga kumi ya sentimita 10.5. Ilitia nanga Dar es Salaam Juni 1914, nahodha wake akiwa Max Looff, na tarehe 31 Julai ikaondoka ili isije ikanaswa bandarini vita vikitangazwa. Wiki haikuisha ikaweka rekodi: tarehe 6 Agosti, mbali na pwani ya Oman, iliikamata City of Winchester iliyosheheni chai, meli ya kwanza ya biashara ya Uingereza kutekwa katika vita hivyo. Waliipeleka visiwa vya Khuriya Muriya, wakahamisha makaa ya mawe, kisha wakaizamisha. Alfajiri ya 20 Septemba ikaibukia Zanzibar na kuikuta HMS Pegasus imetia nanga, boila zake zimefunguliwa kwa matengenezo. Mizinga ya Pegasus haikuweza hata kufika pale Königsberg ilipokuwa. Waingereza 38 walipoteza maisha, na baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe.

Baada ya ushindi huo injini za Königsberg zikagoma, ikabidi itafute maficho. Hapa ndipo delta inapoingia katika historia ya dunia. Rufiji humwaga maji yake baharini kwa milango mingi: Simba Uranga, Kikunja, Kiomboni na mingine, kila mlango na mafungu yake ya mchanga, kila mkondo na kona zake. Msitu wa mikoko unaoifunika unazidi hekta 50,000, na hakuna msitu wa mikoko ulioungana mahali pamoja Afrika Mashariki unaoufikia kwa ukubwa. Mkandaa, mchu, muia na mkoko wenyewe hupanda kwa urefu wa kutosha kuficha bomba la moshi. Ramani za Waingereza zilikuwa za zamani, zikionyesha mikondo isiyopitika kwa meli kubwa. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuupima mto upya kwa meli yao ya upimaji, Möwe. Walijua kwamba maji yakijaa, manowari inayohitaji kina cha zaidi ya mita tano inaweza kupenya na kupanda juu hadi Salale.

Kilichoifichua ni karatasi. Oktoba 1914 Waingereza waliipekua meli ya Kijerumani Präsident iliyokuwa Lindi na kukuta hati zikionyesha kwamba makaa yalipelekwa Salale. Tarehe 30 Oktoba watu wa HMS Chatham wakaiona milingoti juu ya mikoko, ingawa Wajerumani walikuwa wameifunga matawi. Chatham ikaungana na Dartmouth na Weymouth, na baadaye zikaja Goliath, Hyacinth na hata Pioneer kutoka Australia. Tarehe 10 Novemba Waingereza waliizamisha kwa makusudi meli kuukuu, Newbridge, ili kuziba mkondo mmoja. Mikondo mingine ikabaki wazi, kwa hiyo manowari kadhaa zililazimika kukesha baharini zikilinda meli moja isiyo na makaa ya kutosha kusafiri.

Ndani ya delta hali ilikuwa mbaya zaidi. Malaria iliwaangusha mabaharia wa Kijerumani mmoja baada ya mwingine, chakula na dawa vikapungua, na masika yalipofika unyevu ukala kila kitu. Wajerumani walipanga walinzi kandokando ya mikondo chini ya afisa aliyeitwa Schönfeld, wakiwa na mizinga midogo, bunduki za rashasha na nyaya za simu zilizopitishwa mikokoni. Aprili 1915 meli ya msaada iliyosafiri kutoka Ujerumani kwa jina la uongo la Kronborg ilifika kaskazini mwa Tanga, ikashambuliwa na Hyacinth katika ghuba ya Manza. Risasi nyingi ziliokolewa. Makaa ya Königsberg hayakufika.

Anga iliyokataa ndege

Mikoko ilipowashinda, Waingereza waliangalia juu. Novemba 1914 walimleta rubani wa kiraia kutoka Durban, Dennis Cutler, na ndege-boti yake aina ya Curtiss. Aliruka kutoka kisiwa cha Nyororo. Rejeta yake ilipoharibika ilibidi ipatikane nyingine ya gari la Ford kutoka Mombasa. Ndege hiyo ni miongoni mwa ndege za mwanzo za kivita kuruka Afrika Mashariki, na Cutler aliiona Königsberg kwa macho yake. Desemba ndege ilianguka mtoni naye akachukuliwa mateka.

Februari 1915 zikaja ndege za Sopwith. Joto lilizishinda: injini zilikosa nguvu ya kunyanyua ndege majini, gundi ikalainika, mbao zikapinda. Aprili zikaja za Short, zikapiga picha za meli. Juni zikaja za magurudumu, Caudron na Henri Farman, zikaruka kutoka uwanja uliosafishwa Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekiteka Januari. Katika miezi minane delta iliona aina tano za ndege, wakati ambapo sehemu kubwa ya bara hili ilikuwa haijaona hata moja.

Bapa kuliko zote, na binamu zake wa nchi kavu

Kilichohitajika ni meli yenye deraya na mizinga mikubwa ambayo ingeweza kupita juu ya mafungu. Meli za namna hiyo zilikuwepo kwa bahati. Kampuni ya Vickers huko Barrow, Uingereza, ilikuwa imeunda tatu kwa ajili ya Brazili, zitumike mto Amazon. Vita vilipokaribia, Waingereza walizinunua wenyewe. Mbili kati yake, Severn na Mersey, zilikokotwa kutoka Malta mwishoni mwa Aprili 1915 na kufika Mafia mwanzoni mwa Juni. Zilikuwa na urefu wa mita 81 hivi, uzito wa zaidi ya tani 1,200, na mizinga ya inchi sita, lakini zilihitaji kina kisichofika mita mbili. Miongoni mwa meli zote za kivita zilizokusanyika mbele ya Rufiji hakuna iliyobeba mizinga mizito hivyo katika maji mafupi hivyo.

Ninazitazama meli hizi kama ndugu wa vifaru, na nina sababu. Februari 1915, Königsberg ikiwa bado Salale, Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa jeshi la majini la Uingereza, aliunda Kamati ya Meli za Nchi Kavu. Ofisi ileile iliyosumbuliwa na manowari ya Rufiji ndiyo iliyoanza kutafuta gari la chuma la kuvuka matope na mahandaki ya Ufaransa. Tatizo lilikuwa lilelile: namna ya kupeleka mzinga ndani ya deraya mahali ambapo ardhi, au maji, hayabebi uzito.

Matunda ya kamati hiyo yalionekana vitani 15 Septemba 1916 huko Somme: kifaru Mark I, tani 28 hivi, kikienda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kilikuwa kizito mno na kilikwama ovyo. Ndipo likazaliwa wazo la kifaru cha uzito wa kati. Cha kwanza, Whippet, kilichosanifiwa na William Tritton wa Lincoln, kilikuwa na tani 14 na kilifikia kilomita 13 kwa saa, mara mbili ya wakubwa zake. Kiliingia vitani Machi 1918. Hakikuwa na mnara unaozunguka, na askari ndani waliungua kwa joto la injini mbili. Hatua kubwa ilikuja 1924, Vickers walewale walioziunda Severn na Mersey walipotoa Vickers Medium, kifaru cha tani 12 hivi chenye mzinga katika mnara unaozunguka na kasi ya takriban kilomita 24 kwa saa. Baadaye majeshi mengi yalikubali kwamba kifaru cha kati, kisicho chepesi mno wala kizito mno, ndicho farasi wa vita. Kwangu mimi fikra hiyo inafuata mizani ileile iliyowafanya wachague meli bapa kwa Rufiji: deraya ya kutosha, mzinga wa kutosha, na uzito usiozidi kile ambacho matope yanaweza kuvumilia.

Hata hivyo hakuna kifaru kilichofika Rufiji katika vita hivyo. Kitu kilichokaribia zaidi ni magari ya deraya ya Rolls-Royce, yaliyoshiriki shambulio la kilima cha Salaita, karibu na Taveta, Februari 1916. Kwenye vumbi la kiangazi yalifanya kazi. Mvua ilipoyakuta katika udongo mweusi wa mfinyanzi yalizama. Kuelekea Rufiji hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu mto wenyewe haukuwa na daraja. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa 2003. Kabla yake magari ya kusini yalivushwa kwa kivuko pale Ndundu, na mto ukifurika yalisubiri.

Siku mbili za Julai

Tarehe 6 Julai 1915 Severn na Mersey ziliingia kwa mlango wa Kikunja, ndege ikizunguka juu ili kuwaeleza wapigaji makombora yao yanaangukia wapi. Ilikuwa miongoni mwa mara za mwanzo kabisa duniani meli kupiga shabaha isiyoiona kwa maelekezo ya simu ya upepo kutoka angani. Wajerumani nao walikuwa na macho yao, mtazamaji aliyekaa juu ya mti katikati ya mikoko. Mersey ilipigwa mapema na watu sita wakafa. Waingereza walifyatua makombora zaidi ya 600 siku hiyo, wakapata shabaha chache, wakarudi Mafia.

Walirudi tarehe 11. Rubani John Cull na mtazamaji wake H. J. Arnold walikuwa wakirekebisha mapigo ya Severn wakati ndege yao ilipopigwa. Ikiwa inashuka, Arnold aliendelea kutuma marekebisho kwa simu ya upepo. Walianguka mtoni karibu na Mersey, wakaokolewa wote wawili. Kwa marekebisho yale Severn ikaipata Königsberg vizuri. Moto ukaenea, Looff akajeruhiwa, na hatimaye akaamuru meli ilipuliwe kwa vichwa vya torpido.

Ndivyo siku 255 zilivyokwisha, ndani ya asubuhi na mchana mmoja.

Mzigo mzito kuliko yote

Hapa ndipo rekodi za chuma zinapoishia na za watu zinapoanza.

Injini zilipokuwa zimeharibika, mwaka 1914, Looff hakuwa na karakana. Karakana zilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100 kwa njia ya misitu na mabonde. Vipuri vya boila vilifunguliwa, vikaburutwa na Waafrika hadi mjini, vikatengenezwa, vikaburutwa tena kurudi delta. Injini za meli zikawa tayari kabla Waingereza hawajakusanya nguvu ya kuiingilia, ila haikuwa tena na njia ya kutoka. Katika simulizi nyingi kazi hiyo hupewa sentensi moja. Kwangu mimi haipungui kwa uzito kuliko vita vya Julai: chuma kisichogawanyika, kwenye njia isiyo na gari wala reli, katika nchi yenye mbung'o ambao waliwaua ng'ombe, farasi na nyumbu.

Kisha yakaja mabaya zaidi. Meli ilipokwisha kulipuliwa, Wajerumani waliiopoa mizinga yote kumi kutoka mtoni. Ilisafirishwa Dar es Salaam, ikaundiwa magari ya magurudumu, na kuanzia hapo ikawa mizinga mikubwa kuliko yote ya jeshi la kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck. Mzinga mmoja ulihitaji mamia ya wanaume kwenye kamba, wakiuvuta kilimani, wakiuzuia mteremkoni, wakiuinua matopeni. Ilionekana Kahe Machi 1916, ikaonekana Kondoa Irangi Mei mwaka huo. Waingereza nao waliiopoa mizinga ya Pegasus kutoka bandari ya Zanzibar na kuipeleka bara, kwa hiyo meli mbili zilizozama ziliendelea kupigana nchi kavu, mizinga yao ikivutwa, pande zote mbili, na watu wa nchi hii.

Mzinga mmoja wa Königsberg ulienda mbali kuliko yote ndani ya mipaka yetu. Ulipandishwa reli ya kati, iliyokuwa imefika Kigoma 1914, ukafungwa juu ya Graf von Goetzen katika Ziwa Tanganyika. Meli hiyo nayo ilikuja vipandevipande kutoka Papenburg ndani ya masanduku 5,000 hivi. Wajerumani waliizamisha Julai 1916, ikaopolewa 1924, na 1927 ikaanza kusafiri kwa jina la Liemba.

Mwanzoni mwa 1917 mstari wa mbele ulirudi Rufiji. Tarehe 4 Januari mwindaji mashuhuri Frederick Selous aliuawa Beho Beho akiwa na umri wa miaka 65. Kisha mvua kubwa ikanyesha, mto ukafurika, na kikosi cha Nigeria kikabaki kando yake na chakula kidogo sana. Malori hayakupita. Kila kilo ya unga ilifika kichwani mwa mtu, na mtu huyo naye alihitaji kula njiani, kwa hiyo safari ilipokuwa ndefu mzigo uliofika ulikuwa mdogo kuliko ulioondoka.

Inakadiriwa kwamba kwa upande wa Waingereza peke yao watu wapatao milioni moja walifanya kazi ya upagazi katika vita vyote vya Afrika Mashariki, na waliokufa wanazidi 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Idadi ya wale waliobebea upande wa Wajerumani haikuhifadhiwa kwa uangalifu huo. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, vijiji vikabaki bila watu wa kulima mpunga msimu ulipofika. Vifaru vya Whippet vya tani 14 vilihesabiwa kimoja kimoja kiwandani na kupewa namba. Wapagazi wengi waliofia kandokando ya Rufiji hawana kaburi linalojulikana, na Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam uliobaki na jina la kikosi chao, hupitiwa kila siku na maelfu ya watu wasioelezwa hayo.

Safari ya mbali kuliko zote isiyofika

Ipo rekodi moja ambayo lengo lake lilikuwa kumsaidia Lettow-Vorbeck na ambayo haikugusa ardhi ya Tanganyika kabisa. Novemba 1917 puto kubwa la injini la Wajerumani, L 59, liliondoka Jamboli, Bulgaria, likiwa na tani 15 za dawa na silaha. Lilivuka Mediterania na jangwa, likageuzia Sudan lilipopokea amri ya kurudi, na likatua salama baada ya saa 95 angani na kilomita 6,757. Hakuna chombo cha vita kilichokuwa kimeruka mfululizo umbali huo. Tani hizo 15 zingekuwa mizigo ya wapagazi 600 kwa kilo 25 kila mmoja.

Mabaki yako wapi

Mwaka 1924 John Ingle, aliyekuwa nahodha wa Pegasus, alinunua kwa pauni 200 haki ya kuopoa mabaki ya meli iliyomzamisha. Uopoaji uliendelea kwa vipindi miongo kadhaa, na katika miaka ya 1960 kilichobaki kikadidimia mtoni. Anayetaka kuona eneo lenyewe hupitia Kibiti, akashuka Nyamisati, palepale panapoondokea boti za Mafia, na kuchukua chombo kuelekea Salale akifuata ratiba ya maji kujaa na kupwa, kama ilivyombidi Looff.

Katika mizinga kumi, mitatu inajulikana ilipo. Mmoja uko Pretoria katika viwanja vya Union Buildings, mmoja uko Jinja, Uganda, na mmoja uko Mombasa, Fort Jesus, ambako umewekwa pamoja na mzinga wa Pegasus. Ule wa Mombasa ndio ulio rahisi zaidi kwa msomaji wa pwani kuufikia. Uguse kwa mkono, ukadirie uzito wake, kisha uhesabu hatua kutoka Salale hadi Dar es Salaam.